Dawa ya Moyo Ikibadilisha Ladha ya Chakula, Usiiache Kimyakimya

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo wagonjwa wengi hulinyamazia: chakula kubadilika ladha, au pua kupoteza harufu, baada ya kuanza dawa za kurekebisha mdundo wa moyo.

Mgonjwa huletewa kimanga alichokizoea tangu utotoni, akionja anahisi uchungu au ladha ya chuma. Watu wa nyumbani hudhani anakidharau chakula. Yeye mwenyewe hudhani ugonjwa umezidi. Huenda ni dawa.

Moyo ulioathiriwa na homa ya baridi yabisi utotoni, au na shinikizo la damu, unaweza kupoteza mdundo wake. Vyumba vya juu hutetemeka badala ya kusukuma damu sawasawa. Damu hutuama na kuganda, na bonge likifika ubongoni huleta kiharusi. Ndiyo maana daktari huweza kutoa dawa ya mdundo, na mara nyingi nyingine ya kuzuia damu kuganda.

Baadhi ya dawa za mdundo huvuruga ulimi na pua. Propafenoni hujulikana kwa kuacha uchungu au ladha ya chuma mdomoni. Amiodaroni nayo inaweza kubadilisha ladha na harufu.

Hatari kubwa ni mgonjwa kuchoka na kutupa dawa zote pamoja, hata ile inayomkinga na kiharusi. Tena, amiodaroni hukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, baada ya kuachwa. Kuiacha leo hakurudishi ladha kesho.

Jikoni pia kuna hatari. Asiyehisi ladha huongeza chumvi, na shinikizo likapanda. Asiyenusa hatambui maziwa yaliyoharibika, gesi inayovuja wala moshi. Mwingine wa nyumbani amsaidie kuonja na kunusa. Ndimu, tangawizi na dania huongeza ladha bila chumvi.

Mgonjwa abebe dawa zake zote, na pakiti zake, hadi kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi, Voi. Aseme mabadiliko yalianza lini. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kugundua chanzo kingine kama mafua au jino bovu. Madhara ya dawa pia huripotiwa kwa Bodi ya Dawa na Sumu.

Anayetumia amiodaroni akipata kikohozi kisichokoma, pumzi fupi au macho kufifia, aende hospitali mara moja. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hiyo ni dharura: asisubiri hata saa moja.

Kusema mapema si kulalamika.