Biashara huru au biashara ya haki: mkulima wa kahawa asimame wapi?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Mmetuuliza: wengine wanasema biashara iwe huru, wengine wanasema iwe ya haki. Je, si kitu kimoja? Hapana. Tutaeleza kwa kahawa, maana kahawa mnaijua kuliko sisi.

Chini ya mkataba wa 1962, kila nchi ilipewa kiasi chake cha kuuza ng'ambo ili bei isianguke. Julai 1989 mgao huo ulivunjika. Soko likawa huru kweli kweli! Kila nchi ikamwaga kahawa yake, na bei ikashuka karibu nusu. Mwaka 2001 ratili moja huko New York ilifika chini ya senti 50 za dola.

Mwaka 1988, Frans van der Hoff, padre Mholanzi aliyefanya kazi na wakulima wa Oaxaca, Mexico, alisaidiana na shirika la Solidaridad kuanzisha alama ya Max Havelaar. Mnunuzi anayetaka alama kwenye pakiti yake alipe bei isiyopungua kiwango fulani, hata soko likianguka. Katika mpango wa Fairtrade kiwango hicho kiliwekwa dola 1.80 kwa ratili ya arabika iliyooshwa, kuanzia Agosti 2023. Juu yake kuna senti 20, ambazo wanachama huamua mkutanoni zifanye kazi gani.

Lakini msikimbilie. Bei hiyo huhesabiwa bandarini, sio kwenye mizani ya kiwanda chenu. Katikati kuna usafiri, kukoboa, mishahara, na ule mkopo wa chama. Tena yatakiwa kilo sita au saba za kahawa mbivu kupata kilo moja safi. Karani akiwa mwizi, alama haimfukuzi. Na ada ya ukaguzi hulipwa hata kama mnunuzi wa haki amechukua magunia machache, mengine yote yakaenda kwa bei ya soko.

Watetezi wa soko huru nao wana neno: bei ikilindwa, watu hupanda zaidi, na kahawa ikizidi anaumia yule aliye nje ya mpango. Kuna ukweli hapo. Februari 2025 bei ya New York ilipita dola 4 kwa ratili. Wakati kama huo kiwango hakina kazi; broka anakuja mpaka langoni na pesa taslimu, mwanachama anamwuzia, na chama kinakosa mzigo kilioahidi.

Sisi tunaona kiwango hicho ni kama ghala la mahindi: mwaka wa mvua nzuri unalicheka. Kwa hivyo tungejiunga, ila kwa macho wazi. Mwulizeni katibu mkutanoni: ada ni pesa ngapi kwa mwaka? Mwaka jana magunia mangapi yaliuzwa kwa masharti ya haki? Zile senti 20 zimeandikwa kitabu gani? Akisema atajibu wiki ijayo, mngojeni, lakini mwandike tarehe.