Mageuzi Yasiyomgusa Anayeyahubiri

 Leo nazungumzia wanasiasa wanaojiita wanamageuzi. Nitasema bila kuzunguka: wengi wao wanataka sisi tubadilike, wao wabaki walivyo.

Nianzie hapa hapa nyumbani, Malili. Mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za Ranchi ya Malili ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza, mradi mkubwa wa mpango wa taifa wa maendeleo, Ruwaza ya 2030. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akaja kuuzindua ujenzi. Ranchi ile ilikuwa mali ya wanahisa, na malalamiko yao kuhusu malipo yalifika mpaka mahakamani. Kuuzunguka mji wenyewe kukatangazwa ukanda wa kilomita 10 ambamo ujenzi ungedhibitiwa, na mwenye shamba ndani ya ukanda huo akaambiwa asubiri mpango. Amesubiri miaka. Wapo waliozeeka wakisubiri.

Simpingi anayetaka vijana wetu wapate kazi za kompyuta karibu na nyumbani. Nauliza jambo moja tu. Kila aliyepanda jukwaani kutuhubiria Konza alisema maendeleo yanadai kujinyima. Mfugaji alijinyima malisho, mwenye shamba akajinyima ruhusa ya kujenga juu ya ardhi yake. Kiongozi naye alijinyima nini?

Mimi ni mhafidhina na sioni haya kulisema hewani. Naamini hatimiliki ya mkulima ni kitu cha kuheshimiwa. Naamini katika familia, katika kanisa lililotulea, katika wazee wa ukoo wanaosuluhisha ugomvi wa mpaka kabla haujawa kesi. Naamini jambo jipya lithibitishwe kwanza, la zamani lisitupwe kwa sababu tu ni la zamani. Wanamageuzi wananiona kikwazo. Hilo halinisumbui, maana mtu anaweza kunipinga kwa mawazo na bado nikamheshimu. Nisiyeweza kumheshimu ni yule anayeniwekea sheria asiyokusudia kuifuata.

Wazee wetu walilijua hili pasipo kuandikiwa katiba. Katika mwethya, vikundi vilivyochimba matuta ya fanya juu kwenye miteremko ya Kilungu na Mbooni, kiongozi wa kikundi hakukaa chini ya mti akihesabu majembe ya wenzake. Alikuja na jembe lake. Asipochimba, hakuna aliyemsikiliza siku ya pili.

Natoa mfano kutoka kwa jirani, na nautoa kwa makusudi, kwa sababu sera yenyewe siikubali. Julius Nyerere, rais wa Tanzania, alikuwa mjamaa. Vijiji vyake vya ujamaa, watu kuhamishwa kutoka mashamba yao, mashirika makubwa mikononi mwa serikali, hayo yote naamini yaliwaumiza Watanzania. Lakini Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, Nyerere hakuwaambia tu kwamba nchi ni maskini. Alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni. Niliyempinga kwa sera, namvulia kofia kwa hilo. Mzigo aliowaomba wenzake aliuanza yeye.

Na sisi Kenya? Mwaka 1965 serikali yetu ilichapisha Waraka wa Bunge Nambari 10 ukizungumzia ujamaa wa Kiafrika, maneno mazuri ya usawa na kutonyonyana. Mwaka 1971 ikaja ripoti ya Tume ya Ndegwa, na watumishi wa umma wakafunguliwa mlango wa kufanya biashara huku wakishika ofisi. Mpaka leo tunahangaika na ofisa anayetoa zabuni kwa mkono mmoja na kuipokea kwa mkono wa pili.

Waliokuja baadaye walituahidi kuisafisha nchi. Nawakumbuka wanamageuzi wa miaka ya tisini, na sisemi kwa chuki, kwa sababu walipigwa, walifungwa, na uhuru wa kusema ninaoutumia sasa hivi ni jasho lao pia. Walisimama na makanisa. Walisema urais wa Kenya una nguvu mno, kwamba mtu mmoja hafai kushika nchi nzima kiganjani. Mwaka 2002 wakaingia serikalini kwa tiketi ya muungano wa NARC wakiahidi katiba mpya ndani ya siku 100. Siku 100 zikapita. Machi 2004 mawaziri wakatoka nje ya mkutano wa katiba pale Bomas, mkutano uliokuwa unapunguza nguvu za rais. Novemba 2005 wakatuletea rasimu iliyomwachia rais nguvu nyingi zile zile, na Wakenya wakaikataa kwa asilimia 58. Urais ulikuwa mbaya ulipokuwa wa Moi, rais waliyempinga. Walipoukaribia wao, wakauona unafaa.

Katikati ya kundi hilo alikuwapo mtu wetu, Profesa Kivutha Kibwana. Mwaka 1997 aliongoza baraza la wanamageuzi, NCEC, lililojaza barabara za miji kudai mabadiliko kabla ya uchaguzi. Kisha akawa mbunge wa Makueni, akawa waziri wa Kibaki, akapoteza kiti 2007, akawa mshauri katika ofisi ya rais. Kwa miaka ile ningeweza kumweka katika orodha ya wale ninaowalaumu leo, na wengi huku kwetu walimweka.

Lakini haki itendeke kwa kila mtu. Akiwa gavana wa Makueni, mgogoro kati yake na wawakilishi wa wadi ulichacha mpaka 2014 risasi zikafyatuliwa mjini Wote na watu wakajeruhiwa. Kisa kilikuwa bajeti: nani aamue pesa za kaunti ziende wapi. Wananchi wakatia saini ombi la kuivunja kaunti nzima, na Kibwana akaunga mkono. Fikiria maana yake, msikilizaji. Kaunti ikivunjwa, gavana naye anakwenda nyumbani, anarudi kwa wapiga kura kuomba upya. Tume iliyoundwa kuchunguza ikapendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa, na gavana akabaki kitini. Lakini alikuwa amekubali kukiweka kiti chake mezani pamoja na viti vya wapinzani wake. Kwa mambo mengine mengi hatukubaliani mimi na profesa. Katika hilo alichimba kwa jembe lake, na ndiyo maana mpango wake wa Makueni Care, familia kulipa shilingi 500 kwa mwaka ili itibiwe katika hospitali za kaunti, watu waliusikiliza kwa imani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo litawaudhi baadhi yenu. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Mimi siupendi utaratibu wa kuongeza viti vya uteuzi ili kutimiza hesabu hiyo. Naona viti hivyo vitakuwa zawadi ya viongozi wa vyama kwa ndugu na marafiki, na mlipa ushuru ndiye atakayegharimia. Napenda mwanamke achaguliwe na wapiga kura, na Ukambani hatujasubiri kufundishwa hilo. Mwaka 1992, wanawake walipokuwa wachache mno bungeni, sisi tuliwapeleka watatu: Charity Ngilu kutoka Kitui ya Kati, Nyiva Mwendwa kutoka Kitui Magharibi na Agnes Ndetei kutoka Kibwezi. Mwendwa akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili nchini mwaka 1995. Ngilu akagombea urais 1997, na 2017 akawa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana. Wazee wahafidhina wa vijijini, wale wanaoitwa wa kale, waliwapigia kura.

Basi tazama waliojiita watetezi wa usawa. Februari 2019 mswada wa theluthi mbili ulifika Bunge la Taifa. Rais aliuunga mkono, kiongozi wa upinzani aliuunga mkono, vyama vyote vikubwa viliimba usawa. Zilihitajika kura 233. Wabunge waliopatikana ukumbini walikuwa 174. Mswada ukaanguka bila hata kupingwa, kwa sababu walioahidi kuupitisha hawakuwapo. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Halikuvunjwa. Wabunge wale wale wakaendelea kuhutubia siku ya wanawake kila mwezi wa Machi.

Mimi ningepiga kura ya hapana, na ningesimama nikaeleza kwa nini. Mwanamke wa Malili angejua niliposimama, angenipinga akitaka, angeninyima kura akitaka. Yule aliyeahidi ndiyo na kujificha mkahawani alimnyima hata nafasi hiyo ya kumhukumu. Hilo naliona baya kuliko msimamo wangu, hata kwa macho ya anayeuchukia msimamo wangu.

Mwaka 2013 nao usisahauliwe. Wanasiasa waliocheza ngoma kusherehekea katiba mpya, iliyounda tume huru ya kupanga mishahara, walipochaguliwa wakakuta tume hiyo imewapangia shilingi 532,500 kwa mwezi badala ya 851,000 za Bunge lililotangulia. Wakatishia kuivunja tume. Hatimaye wakakubali mshahara, na wakapata shilingi milioni 5 za gari kila mmoja. Wahafidhina walikuwamo humo pia, najua, na waliohubiri maadili ya Kikristo walipokea sawa na wengine. Aibu yao ni yao. Ila hawakuwa wameijenga siasa yao yote juu ya katiba ile.

Siku hizi uhalisi wa kiongozi unapimwa kwa kamera. Mheshimiwa anakuja sokoni amevaa fulana na kofia ya boda boda, anakaa kibandani anakula muthokoi, anaongea Kikamba kidogo, picha zinasambaa kabla hajamaliza sahani. Sina neno na chakula chake. Lakini mama wa kibanda hajui chochote kipya kumhusu baada ya picha ile. Angejua kitu kama angemuuliza: mheshimiwa, unausifu mtaala mpya wa shule, watoto wako wanasoma mtaala upi? Ulipitisha makato ya bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75 ya mapato; ulipougua mara ya mwisho ulilazwa wapi? Ulituambia tusubiri mpango wa ardhi kuzunguka Konza. Wewe umenunua kiwanja wapi, na lini?

Uchaguzi ni Agosti 2027, na misafara imeanza kupita barabara ya Mombasa. Watasimama Malili, kwa sababu hapa watu wako na barabara iko. Nawaomba wazee wa soko, akina mama wa vyama, na nyinyi vijana wa boda boda, msiwaache wapite kwa hotuba pekee. Kumbukumbu za Bunge ziko wazi kwa kila mwananchi. Chapisheni za Februari 2019 mwende nazo mkutanoni. Atakayekuja kutuomba kura kwa jina la usawa, ikiwa alikuwa mbunge wakati huo, atueleze siku ile alikuwa wapi.