Kutafuta Kazi ya Kufundisha Kiingereza Katika Jamhuri ya Dominika

Leo nataka kuzungumza nanyi mlio walimu wa Kiingereza, na mnaofikiri kwenda kufanya kazi katika visiwa vya Karibi. Chukueni kalamu na daftari, maana yako mambo ya kuandika.

Jambo la kwanza: chagua kisiwa kwa lugha yake. Wengi hufikiri Jamaica, Barbados au Trinidad. Lakini huko Kiingereza ndiyo lugha ya serikali na ya shule, na walimu wamezaliwa huko huko. Kupeleka Kiingereza Jamaica ni sawa na kupeleka karafuu Pemba. Basi leo tuitazame Jamhuri ya Dominika, ambayo watu wake husema Kihispania.

Nchi hii imeshika upande wa mashariki wa kisiwa cha Hispaniola. Upande wa magharibi ni Haiti. Mji mkuu ni Santo Domingo. Angalia usikosee: iko nchi nyingine iitwayo Dominika, kisiwa kidogo kilicho mbali na hapo, na lugha yake ya serikali ni Kiingereza. Soma anwani vizuri kabla hujapeleka maombi.

Kazi zinapatikana wapi? Katika miji mikubwa, Santo Domingo na Santiago, ziko shule za binafsi zifundishazo kwa lugha mbili, na ziko shule za lugha za watu wazima. Pwani, kama Punta Cana na Puerto Plata, kuna hoteli za watalii, na watumishi wake hutaka kujua Kiingereza. Mwaka wa shule huanza Agosti. Kwa hiyo peleka maombi miezi mingi kabla. Tayarisha shahada yako, na cheti cha kufundisha Kiingereza kwa watu wa lugha nyingine. Hati hizo zithibitishwe na serikali yako, kisha zifasiriwe kwa Kihispania.

Sasa sikiliza kwa makini. Usiuze shamba ukanunua tikiti kwa kuwa mtu amekuambia, "Wewe njoo kama mtalii, kazi utaipata ukifika." Kibali cha mtalii si kibali cha kazi. Viza ya kazi huombwa kwa balozi wao kabla ya kusafiri, nawe sharti uwe na mkataba mkononi. Tena sheria ya kazi ya nchi hiyo, ya mwaka 1992, yasema kwamba katika kampuni, wafanyakazi wasiopungua 80 kwa mia wawe wenyeji. Nafasi za wageni basi zina mpaka. Sheria hiyo hiyo yampa mfanyakazi mshahara wa Noeli, yaani sehemu moja ya 12 ya mshahara wake wa mwaka, ulipwe si zaidi ya tarehe 20 Desemba. Lakini asiye na mkataba ataidai vipi haki yake? Ukiulizwa ada ya "kukutafutia nafasi", rudi nyuma. Wahenga walisema, kabla ya kuruka, agana na nyonga.

Piga hesabu pia. Mshahara huwa kwa peso, lakini nauli unalipa kwa fedha yako. Hakuna ndege iendayo moja kwa moja kutoka Afrika ya Mashariki. Ulizia viza za nchi utakazopitia.

Jambo la mwisho. Huenda mwajiri akakuambia kwamba anataka mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Usinyong'onyee. Mjibu kwa adabu, ukamwombe akupe darasa moja la majaribio. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, sawasawa na Kiswahili. Mwanafunzi wa huko hupata taabu kutenganisha "ship", yaani meli, na "sheep", yaani kondoo. Wewe taabu hiyo uliipitia ulipokuwa mtoto shuleni, na njia ya kutoka unaijua. Aliyezaliwa na lugha hakuipita njia hiyo.

Wala Kiingereza hakikuletwa kisiwani na watu wa aina moja tu. Katika miaka ya 1824 na 1825, watu weusi walio huru walihamia huko kutoka Marekani, na baadhi yao wakakaa Samaná. Wajukuu wao waliendelea kukisema Kiingereza kwa muda mrefu.

Zoezi la juma hili: andika kwenye karatasi moja mpango wa somo la dakika 20 la kufundisha tofauti ya "ship" na "sheep". Mfundishe jirani. Akielewa, karatasi hiyo iambatanishe na maombi yako, maana itasema mengi kuliko sifa utakazojiandikia.

Haya, wasikilizaji, kwaherini.