Msafiri na Kodi ya Mapato

 Leo tujifunze maneno mawili: mkazi na asiye mkazi.

Tuseme mtu wa Ipagala amepata kazi Oman, akaondoka mwisho wa Julai. Asema, "Kodi ya Tanzania hainihusu tena." Je, ni kweli?

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haitazami uraia, huhesabu siku. Aliyekuwapo nchini siku 183 au zaidi katika mwaka ni mkazi. Tangu Januari hata Julai ni zaidi ya siku 200. Basi mwaka ule yeye bado ni mkazi, na hata mshahara wa Oman wahesabiwa katika mapato yake.

Mwaka wa pili je? Akiwa na makao ya kudumu Ipagala, akaja likizo ya wiki moja, aweza kuwa mkazi tena.

Asiye mkazi hutozwa kwa mapato yatokayo Tanzania tu, kama pango la nyumba yake.

Kwa hiyo msafiri atunze tiketi na pasipoti, akaiarifu Mamlaka ya Mapato kwa maandishi. Neno la mdomo halina ushahidi.

Zoezi: andikeni tarehe mbili, ya kuondoka na ya kurudi, mhesabu siku. Kwaherini.