HOTUBA JUU YA GHARAMA ZA MKUTANO WA WALIOSOMA PAMOJA



Tumepewa nafasi hii tuseme machache juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni gharama ya mkutano wa watu waliosoma darasa moja. Hapa Manyatta, waliomaliza shule pamoja huitana baada ya miaka kumi au ishirini. Huja kutoka Embu mjini, Nairobi, Mombasa na hata ng'ambo, ili waonane, wale pamoja, na kuwakumbuka walimu wao. Hiyo ni desturi njema. Lakini ada ya kuhudhuria imekuwa kizuizi, na wanaozuiwa ndio hasa tunaotamani kuwaona.

Tuchukue mfano. Watu ni 60, na mahali palipochaguliwa ni hoteli. Chakula, ukumbi, fulana zenye jina la shule na mpiga picha, vyote vyafika shilingi 180,000. Basi kila mtu atatakiwa shilingi 3,000. Kwa mwenye mshahara mwema, hizo ni fedha za jioni moja. Kwa mwenzetu anayechuma kahawa ya watu kwa malipo ya debe, ni kazi ya siku nyingi, na karo ya watoto yamngoja nyumbani. Mtu huyo hatatuambia kwamba hana fedha. Atasema ana safari, au ng'ombe wake ni mgonjwa. Mwaka utakaofuata hatajibu hata salamu.

Wazee wetu, linalotusikitisha ni hili. Mwenzetu huyo akifariki dunia, twakusanya fedha kwa siku chache tu: za jeneza, za gari, za chakula cha waombolezaji. Hakuna aulizaye kama marehemu alilipa ada. Ikiwa twaweza kumchangia akiwa maiti, mbona tushindwe kumchangia akiwa hai, aje aketi nasi?

Kuchanga kwa rika si jambo geni katika nchi hii. Mbiyu Koinange alirudi kutoka masomoni ng'ambo mwaka 1938, na mwaka 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri, katika Kiambu. Fedha za kukijenga zilitafutwa kwa marika. Kila rika lilileta mchango wake na kushindana na rika jingine, na akina mama nao wakachanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho mwaka 1952, lakini njia ile haikupotea. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno Harambee kuwa wito wa taifa zima, na shule nyingi zikajengwa kwa michango ya wananchi. Na watu waliosoma darasa moja ni nini, kama si rika?

Basi, sisi tuliozoea kazi ya ukarani na hesabu, twapendekeza mambo manne.

Kwanza, mahali. Mkutano na ufanyike katika shule yenyewe wakati wa likizo, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Mukimo na nyama ya mbuzi tupike wenyewe, na fulana zinunuliwe na azitakaye tu. Katika mfano wetu, tuseme gharama itashuka hadi shilingi 100,000.

Pili, wakati. Tuanze kukusanya mwaka mzima kabla ya siku yenyewe. Watu 60 wakitoa shilingi 100 kila mwezi, kwa miezi 12 tutapata shilingi 72,000. Mkulima asiye na fedha kila mwezi aruhusiwe kulipa mara moja, apatapo bonasi ya majani chai au malipo ya kahawa kutoka chama cha ushirika. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, wenye uwezo. Zimebaki shilingi 28,000. Watu 14 wakiongeza shilingi 2,000 kila mmoja, deni limekwisha. Lakini majina na kiasi visisomwe mbele ya watu. Na asiyeweza hata ile mia alete maharagwe au kuni, au aje mapema asaidie kupika. Naye aandikwe katika daftari kama wengine: Amelipa.

Nne, hesabu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kutuma fedha kumekuwa kazi nyepesi. Lakini fedha za watu 60 zikikaa katika simu ya mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu, maneno hayatakosa. Afadhali kikundi kisajiliwe. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 imeonyesha njia. Kisha ifunguliwe akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na hesabu ipelekwe kwa kila mmoja mwisho wa mwezi. Zikibaki fedha, ziwe akiba ya mkutano ujao.

Wako watakaosema kwamba mtu akila bila kulipa atazoea vya bure. Twajibu kwa heshima kwamba aliyeleta kuni hakula bure. Na mtu aliyewahi kugawana nasi kitabu kimoja na dawati moja si mgeni hata aombwe kiingilio.

Bwana Mwenyekiti, twaomba chama hiki kiazimie kwamba wanachama wake wanaotayarisha mikutano ya namna hii waache ada ya mlangoni, na badala yake waanzishe mchango wa mwaka mzima. Twawaomba na Wazee wetu watuongoze kwa shauri lao, kwa maana wao walitangulia kujua maana ya rika.