Wachezaji wa Mchezo Wetu wa Mbingu



Kabla hatujacheza hapa Mbingu, twapenda kuwajulisha wachezaji. Hapana hata mmoja ambaye kucheza ndiyo kazi yake: ni wakulima wa mpunga, mshoni, mvuvi na wanafunzi wawili. Mchana hulima, jioni hujifunza maneno yao.

Mchezo wahusu Vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907. Mwezi wa Agosti, 1905, Wambunga na Wapogoro walilishambulia boma la Wajerumani huko Mahenge, wakiamini ya kuwa dawa itageuza risasi kuwa maji. Wengi walikufa, kisha njaa ikaja. Msiba huo ni wa jamaa zetu, nasi twausimulia kwa adabu.

Yule mvuvi atakuwa hongo, yaani mjumbe aliyeleta dawa. Tangu mazoezi yaanze, wako wamwitao mwongo hata njiani. Twawasihi msimchukie kwa maneno aliyopewa kuyasema. Pasipo yeye, swali hili lisingeulizwa: je, wazee wetu walidanganywa tu, au walitafuta umoja? Njoni mmtazame, kisha mjibu wenyewe.