Fidia Ilipwe Ng'ombe Angali Hai: Serikali na Mfugaji wa Marsabit

Ukame hauui ng'ombe kwa siku moja. Kwanza maziwa hukatika, kisha mnyama hukonda, bei yake mnadani huporomoka, na mwishowe hawezi kusimama mpaka watu wamwinue kwa mkia. Baina ya dalili ya kwanza na ya mwisho hupita wiki kadhaa. Ninachotetea jioni hii ni kwamba pesa za serikali zimfikie mfugaji ndani ya wiki hizo. Zikija baadaye, mvua imeshanyesha, kila boma linatafuta mtamba wa kununua, na bei imepanda; hata aliyempata atangoja miaka kabla ya kukamua.

Marsabit, kaskazini mwa Kenya, imetufundisha jambo hili kwa gharama kubwa. Januari 2010 ilizinduliwa huko bima ya mifugo inayopima ukijani wa malisho kwa setilaiti. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, mizoga ikiwa imeshatapakaa. Baadaye mkataba ulirekebishwa ili ulipe mapema, malisho yanapoanza kukauka, na mwaka 2015 serikali ilianza kuwalipia wafugaji ada ya bima hiyo, ikianzia Turkana na Wajir: vipimo 5 kwa kila kaya, kipimo kimoja kikiwa ng'ombe mmoja au mbuzi kumi. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Hata hivyo, ukame wa 2020 hadi 2022, uliokausha misimu mitano ya mvua mfululizo, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya. Tangazo la janga la kitaifa lilitolewa Septemba 2021, misimu miwili ikiwa imeshapotea.

Wapo wanaosema kulipa kabla ya kifo ni kufidia hasara ambayo haijatokea. Lakini hasara imeanza siku mtoto alipokosa maziwa. Wengine wanahofia kwamba mfugaji ataongeza mifugo kwenye ardhi isiyoweza kuilisha. Vipimo 5 haviwezi kumtajirisha mtu, vinaokoa mbegu ya kundi tu. Pingamizi lenye uzito ni la setilaiti: huona kijani, haijui kama ni nyasi au mti vamizi wa mathenge, na haioni bonde moja lililokosa mvua ilhali mabonde jirani yamepata. Hapo wazee wa malisho wapewe nafasi rasmi ya kukata rufaa. Kasoro hiyo isiwe kisingizio cha kurudi kwenye kamati zinazosubiri mizoga ihesabiwe.

Wala tusiambiwe haiwezekani. Mpango wa HSNP, unaozipa kaya maskini ruzuku ya pesa, uliandikisha mapema kaya za Turkana, Mandera, Wajir na Marsabit na kuzifungulia akaunti, hivyo kipimo cha mimea kinaposhuka, hata kaya zisizopokea ruzuku ya kawaida huweza kutumiwa pesa. Linalobaki gumu ni kwamba ng'ombe halishwi noti. Huko Kargi au North Horr, ndani ya Marsabit, mwenye pesa kwenye simu anaweza kukosa wakala mwenye taslimu, na akishazitoa akakosa hata robota moja la nyasi la kununua. Kwa hiyo tarehe ya malipo itangazwe mapema, wafanyabiashara wa malori wajue wanunuzi wapo, na kaunti ijaze maghala yake ya nyasi wakati mvua ingali nzuri na robota bado ni rahisi.